Kipokezi cha seli na protini inayokishika

Kipokezi ni molekuli iliyochomoza kwenye utando wa seli. Mara nyingi huwa protini, na mara nyingine huwa sukari iliyoning'inia kwenye protini hiyo. Kila kimoja kina kazi yake halali mwilini: ACE2 huvunja homoni inayopandisha shinikizo la damu, CD4 huzisaidia seli za kinga kumtambua adui, NPC1 huhamisha kolesteroli ndani ya seli. Hakuna hata kimoja kilichowekwa pale kwa ajili ya virusi. Virusi ndivyo vilivyojipatia umbo la kukidandia.

Kwa upande wa kirusi, kinachoshika ni protini zilizochomoza juu ya ganda lake, ambazo wengi huziita miiba. Kirusi cha korona kina miiba kati ya 20 na 40 hivi, cha mafua kina zaidi ya 300, na VVU huwa na kama 10 tu. Katika virusi hivyo vyote, na hata katika ebola, kila mwiba unaoshika kipokezi umeungwa kwa sehemu tatu zinazofanana.

Kirusi hakiogelei wala hakitafuti. Kinasukumwa ovyo na majimaji ambamo kimo, kikigonga seli moja na kuikosa nyingine. Pale mwiba unapokutana na kipokezi kinachoufaa, mbonyeo wa huku hupata mwinuko wa kule, chaji chanya hukaribiana na hasi, na sehemu zisizopenda maji hujificha pamoja. Mshiko huo si wa kudumu. Huachia na kushika tena. Eneo linaloguswa pia ni dogo mno. Kila sehemu ya mwiba wa korona ina asidi amino (vipande vidogo vinavyojenga protini) 1,273, lakini zinazoigusa ACE2, kipokezi chake, ni 17 hivi. Badiliko moja katika nafasi ya 501 lilitosha kuukaza mshiko huo, na lilionekana katika aina ya Alfa.

Nguvu ya mshiko hupimwa kwa kiasi cha protini kinachohitajika ili nusu ya vipokezi vishikwe, kwa hiyo namba ndogo maana yake ni mshiko mkali. Mwiba wa korona kwa ACE2 ulipimwa mwaka 2020 ukawa nanomola 15 hivi. Mafua hushika sukari iitwayo asidi ya siali kwa nguvu hafifu sana, kiwango cha milimola (milimola moja ni nanomola milioni), yaani dhaifu mara elfu nyingi. Hata hivyo mafua huambukiza vizuri tu, kwa sababu miiba mingi hushika kwa pamoja. Ukipita shambani kwenye kishonanguo, ile inayoitwa ssere huko Buganda, punje moja unaipangusa kwa kidole, lakini punje mia zenye ndoana ndogo zikishika suruali utakaa chini kuzichomoa.

Kushika bado si kuingia, na hapa ndipo maelezo mengi hukatisha njiani. Utando wa kirusi lazima uungane na utando wa seli, na kwa hilo mwiba hukatwa na vimeng'enya vya mwili wetu wenyewe, kisha hujikunjua na kuchoma utando wa seli. Ebola ni mfano mzuri kuliko yote. Kwanza hujinatisha juu ya seli bila kuchagua sana, na seli huimeza ndani ya kifuko. Kifuko kinapozidi kuwa na asidi, vimeng'enya viitwavyo kathepsini hukata kofia ya sukari iliyoufunika mwiba. Hapo tu ndipo panapofichuka mahali pa kushika NPC1, kipokezi cha kweli, ambacho kimo ndani ya seli na si nje. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba seli za wagonjwa wa Niemann-Pick C, ugonjwa wa kurithi, ambao NPC1 yao ni mbovu, haziambukizwi ebola. Kwa kinga yetu hii ni habari mbaya: kirusi kikiwa kwenye damu, mahali pa maana kuliko pote bado pamefunikwa.

Uganda ililiona hilo kwa vitendo. Mlipuko wa ebola wa Mubende uliotangazwa tarehe 20 Septemba 2022 ulikuwa wa aina ya Sudan, kama ule wa Gulu wa mwaka 2000. Chanjo ya ebola iitwayo Ervebo ilikuwapo, lakini imebeba mwiba wa aina ya Zaire. Aina zote mbili hushika NPC1 ileile. Tatizo ni kwamba kingamwili husoma sura ya nje ya mwiba, na sura hizo zinatofautiana sana. Kipokezi kimoja hakimaanishi chanjo moja. Mlipuko mwingine wa aina ya Sudan ulipotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, chanjo ya majaribio yenye mwiba wa Sudan ilianza kutolewa tarehe 3 Februari.

VVU hudai vipokezi viwili. Protini gp120 ya mwiba wake hushika CD4, hubadili umbo, kisha hushika kipokezi-mwenza: CCR5 au CXCR4. Dawa ya maraviroc, iliyoidhinishwa mwaka 2007, hung'ang'ania CCR5 ya mwanadamu na kumwacha kirusi bila pa kushika. Kirusi kinachotumia CXCR4 hakiguswi nayo, kwa hiyo ni lazima kipimwe kwanza. Hapa kwetu Uganda si jambo la pembeni, maana aina kuu za VVU nchini ni A na D, na D huhamia CXCR4 mara nyingi zaidi.

Mafua ya ndege hupendelea asidi ya siali iliyoungwa kwa namna nyingine, ambayo kwa binadamu hupatikana zaidi chini kabisa ya mapafu kuliko puani na kooni. Mtu akiambukizwa anaweza kuugua vibaya, lakini kumwambukiza jirani ni kazi ngumu.

Miiba ya virusi hivi imepandwa kwenye ganda la mafuta lililotokana na seli yetu. Sabuni huyavunja mafuta hayo, na mwiba uliobaki peke yake hauambukizi. Virusi vya rota na polio havina ganda la mafuta; kinachoshika ni sehemu ya gamba lao gumu la protini, na sanitaiza pekee si ya kutegemewa. Baada ya choo, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka ili viondoke mkononi.

Kichaa cha mbwa ndipo elimu hii inapookoa mtu moja kwa moja. Protini G ya kirusi hicho hushika vipokezi vya asetilikolini pale neva inapokutana na msuli, kisha kirusi hupanda neva kuelekea ubongo. Kikishaingia kwenye neva, kingamwili hazikifikii tena, kwa hiyo kazi yote ni kukiwahi kabla. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo huchukua wiki moja au zaidi mpaka mwili utoe kingamwili za kutosha. Pengo hilo huzibwa na imunoglobulini, ambayo ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa: yuniti 20 kwa kila kilo ya uzito ikiwa ni ya binadamu, 40 ikiwa ni ya farasi. Ichomwe ndani na kando ya jeraha lenyewe, kadiri nyama inavyoruhusu. Kosa linaloharibu kila kitu ni kuichoma yote kwenye tako ilhali mtu ameng'atwa mkononi, kwani inayofika jeraha inakuwa nyembamba mno. Kosa la pili ni kushona jeraha kabla ya kuitia, maana sindano ya kushonea huweza kukisukuma kirusi ndani zaidi, karibu na neva.