Kiti cha kulia: kujiandaa kwa mtihani wa ualimu wa urubani ukiwa Kisongo

Rubani anayekaribia mtihani wa vitendo wa ualimu huniuliza kwanza kuhusu kuruka: stoli (bawa kupoteza nguvu ya kubeba ndege) ngapi, kutua mara ngapi, injini itapunguzwa wapi. Namwelewa, maana mitihani yake yote ya nyuma ilikuwa hivyo. Lakini kufikia hatua hii kuruka anakujua. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya urubani wa biashara pekee inadai saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyepitia kozi iliyoidhinishwa, na logibuku, daftari la saa zako za kuruka, mtahini ameshaiona. Anachotaka kujua ni kama unaweza kumtazama mtu mwingine akikosea, ukatambua kwa nini anakosea, ukamweleza akaelewa, na wakati huohuo umekaa kiti cha kulia cha mwalimu, upande usiouzoea.

Walimu watarajiwa ninaowaandaa hapa Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, huwa nawapa swali moja la kujiuliza kabla ya kila somo: mwanafunzi wangu, pale alipokaa, anaona nini? Karibu kila kitu kinachowaangusha watu kwenye mtihani huu kinatoka kwenye swali hilo kutoulizwa.

Mpangilio wa siku yenyewe hauna siri. Utaulizwa nadharia na sheria, utafundisha somo ubaoni, utatoa maelezo mafupi ya kabla ya kuruka, mtaruka, mtashuka, mtakaa kufanya tathmini. Mtahini hukaa kushoto na kujifanya mwanafunzi. Wapo wanaoigiza kweli kweli: atashika usukani kwa mikono miwili, atasahau pedali, atakuita "mwalimu" tangu mnakagua ndege mpaka mnafunga milango. Usicheke, na usimpe majibu ya rubani kwa rubani. Mwanafunzi aliyeruka saa tano tu hajui neno lolote ambalo hujamfundisha, na mtahini atakukamata papo hapo ukilitumia.

Tuanze na kiti. Wengi hukodi ndege, wakazunguka uwanja na kutua kutoka kulia mpaka mikono izoee, basi wanahesabu wamemaliza. Mikono huzoea haraka kuliko unavyodhani: wa kushoto sasa una throtoli (kishikio cha nguvu ya injini) na flapu (vibawa vya nyuma ya bawa), wa kulia una usukani, na baada ya muda mfupi hufikirii tena. Jicho ndilo linalochelewa. Kwenye Cessna 172 hakuna anayekaa katikati ya ndege. Kila mmoja yuko pembeni ya mstari wa katikati. Ndege ikilala kushoto bila kubadilisha kimo, aliyekaa kushoto huona katikati ya pua imepanda, na ikilala kulia huiona imeshuka. Wewe wa kulia unaona kinyume chake.

Sasa unamfundisha kona ya kushoto. Unamwambia, "Shusha pua kidogo, iweke hapo chini ya upeo wa macho," kwa kutazama pua unayoiona wewe. Anatii vizuri kabisa, na altimita, kipima kimo, inaanza kushuka. Unamkosoa kwa kosa ulilomfundisha mwenyewe, naye mtahini anaandika.

Dawa yake ni rahisi. Mkiwa ardhini, kaa kushoto, tazama mbele sambamba na mstari wa katikati wa ndege, kisha bandika kipande cha utepe wa karatasi, ukubwa wa ukucha, kwenye kioo mbele ya jicho lako. Hamia kulia ufanye vivyo hivyo. (Mwenye ndege umuulize kwanza, na uchague utepe usioacha gundi, vioo vile si vya nyumbani.) Utaona kwamba alama zote mbili ziko mbele ya mtu, mbali na katikati ya pua. Ndege ikilala upande wowote, alama ya kila mmoja hubaki ikisema kweli kwa mwenyewe. Ruka hivyo mara kadhaa, kisha bandua ubaki na picha kichwani, na somo la kona ulianze kwa kumfanya mwanafunzi aitafute alama yake mwenyewe.

Kutua ni hadithi ileile. Anayelenga mwisho wa runwei kwa katikati ya pua akiwa kushoto atagusa chini ndege imeelekea kushoto kidogo. Akiwa kulia, itaelekea kulia. Mtahini akikuuliza kwa nini mwanafunzi wake hutua amepinda upande uleule kila siku, hata siku ambayo upepo umelala, usikimbilie kumweleza upepo.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi tambarare haviligusi: upeo wa macho wenyewe. Mafunzo ya kuruka sawa, kupanda na kushuka yote yanategemea mwanafunzi alinganishe pua na mstari ambapo mbingu na ardhi zinakutana. Kutoka Kisongo, kaskazini mashariki kuna Mlima Meru wenye mita zaidi ya 4,500, na kaskazini magharibi kuna milima ya Monduli. Ukimgeuza mwanafunzi upande huo ukamwambia aweke pua kwenye upeo wa macho, ataiweka kwenye ubavu wa mlima, na kila mkikaribia mlima huo "upeo" unapanda. Geuka kusini, kule tambarare zinakokwenda kuelekea Simanjiro, ndipo ufundishe. Wenzetu wa Moshi wana tatizo lilelile na mlima mkubwa zaidi. Mtahiniwa anayesema kwenye maelezo ya ardhini, kabla hajaulizwa, "Somo hili tutalifanya tukielekea kusini kwa sababu hii," ameonyesha ualimu kuliko aliyekariri ukurasa mzima wa kanuni za bawa.

Ubaoni, somo ninalopenda watu walibebe ni la hewa nyepesi, kwa sababu hapa kwetu linaonekana kwa macho. Kisongo iko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto la kawaida la vitabu kwa kimo hicho ni nyuzi 6 tu. Alasiri ya Februari kipimajoto kikisoma 28, umezidi kwa nyuzi 22. Zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi, unapata 2,640. Jumlisha, na ikiwa shinikizo la hewa ni la kawaida, injini na mabawa yanafanya kazi kana kwamba mko karibu futi 7,200. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi elfu, kwa hiyo imebakiwa na chini kidogo ya nne ya tano ya nguvu zake kabla hamjaanza kukimbia. Uwanja wa KIA, ule wa kimataifa wa Kilimanjaro, wenye futi 2,932, ukiwa na joto la nyuzi 32 utakupa futi 5,700 hivi, tena wenye runwei ya mita 3,600. Andika viwanja viwili hivyo ubaoni bega kwa bega na mwanafunzi ahesabu mwenyewe. Usimhesabie.

Wengi wakishapata tarakimu wanaishia hapo, kumbe utamu uko mbele. Mwanafunzi ataona nini? Kwenye hewa ya namna hiyo noti 60 (maili za baharini kwa saa) za kwenye kipima mwendo ni karibu noti 67 za kweli. Akija kutua ataona ardhi inakimbia kuliko alivyotegemea, hisia zitamwambia ana mwendo mkubwa, atavuta usukani. Mwendo wa kwenye kipima utashuka kuelekea stoli ilhali macho yake yanamhakikishia kila kitu kiko salama. Mweleze hilo ubaoni, kisha angani mwonyeshe. Mchanganyiko wa mafuta na hewa usiusahau pia: aliyefundishwa pwani kusukuma kishikio chake chekundu mpaka mwisho kabla ya kuruka, hapa injini itakohoa. Fuata kitabu cha ndege husika, na uweze kusema kwa nini.

Sasa maneno ya angani. Mwaka 1917 Robert Smith-Barry alianzisha shule huko Gosport, Uingereza, akaweka utaratibu wa mwalimu kumwelekeza mwanafunzi hatua kwa hatua, hata wakawekewa mpira wa kupitishia sauti kati ya viti. Kazi haijabadilika sana: mdomo na mkono wako vinatakiwa kufika pamoja. Ukisema "navuta kidogo" sekunde mbili baada ya kuvuta, mwanafunzi ameona ndege ikijiendea yenyewe kisha akasikia maelezo ya jambo lililopita. Kwa hiyo nawaambia watu wafanye mazoezi ya kusema wakiwa wamekaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, mkono juu ya usukani wa kufikirika, kwa sauti, mpaka majirani waulize kulikoni. Sentensi fupi. Onyesha, halafu mwongoze afanye, halafu nyamaza. Kunyamaza kunawashinda watahiniwa wengi kuliko kusema; mwanafunzi akiwa anajaribu, wao bado wanahubiri.

Stoli ndiyo somo linalopangwa vibaya zaidi hapa. Ukitaka ndege iwe imeshatulia futi 3,000 juu ya ardhi, na ardhi yenyewe iko futi 4,500, unaanzia kama futi 8,500 kwenye altimita, ili ubaki na nafasi ya kimo kitakachopotea kwenye stoli. Ndege ndogo siku ya joto inapanda futi 400 kwa dakika, pengine pungufu, kwa hiyo una dakika kumi za kupanda. Zitumie. Mrudishe kwenye somo lililopita, ashike kupanda, arekebishe trimu (kinachopunguza uzito wa usukani mkononi), akuambie ni wapi atatua injini ikizima sasa hivi. Mtahini anayeona unakaa kimya dakika kumi ukisubiri kimo hatafurahi, na mafuta hayo ulipaswa kuyahesabu kwenye maelezo ya ardhini. Upepo ukitoka kaskazini mashariki, Kisongo iko upande wa mlima unaovurugika hewa, kwa hiyo asubuhi ni bora, isipokuwa Juni na Julai ambapo wingu la chini linaweza kukukalisha ardhini mpaka saa nne au saa tano. Uwe na somo mbadala mfukoni.

Kwenye stoli yenyewe mtahini atakufanyia makosa. La kawaida ni kunyanyua bawa lililoanguka kwa kuzungusha usukani badala ya kwanza kusukuma mbele kupunguza pembe ya bawa dhidi ya hewa. Lingine ni kuvuta tena mapema mno, stoli ya pili ikaja juu ya ya kwanza. Yote mawili yanatokana na kile anachoona: ardhi imejaa kwenye kioo, na mwili unakataa kusukuma kuielekea. Ukimwambia tu "ulikosea, sukuma mbele," hujamsaidia. Mwambie alichokiona, kwa nini kinatisha, na kwamba bawa halina habari na ardhi iko wapi.

Lini uchukue usukani? Weka mipaka yako ardhini, kwa tarakimu: kimo hiki, mwendo huu, mlalo huu. Mtahini atausogelea mpaka huo taratibu, huku akikupigisha stori, akuone. Makosa madogo mwachie muda ayaone mwenyewe. Ukimpokonya kila mara hajifunzi kitu. Ukifika mpaka, chukua, na mkabidhiane kwa hatua tatu kama mlivyokubaliana, hata kama aliye kushoto ana miaka thelathini ya kuruka na wewe unamwamkia shikamoo kila mkikutana. Hapo ndani mwenye dhamana ya somo ni wewe.

Nadharia ya ualimu ipitie, ila usiikariri kama mashairi. Mwanasaikolojia Thorndike na sheria zake za kujifunza, yaani utayari, mazoezi na matokeo, vitaulizwa. Jibu linalomridhisha mtahini ni lile lenye mwanafunzi ndani yake. Mtu aliyekuja hajala na hana usingizi hayuko tayari, kwa hiyo somo la stoli linaahirishwa. Umemaliza. Na wanaokwenda kufanyia Marekani wajue kwamba FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, imebadilisha waraka wa viwango vya mtihani wa walimu kuanzia 31 Mei 2024, na kwamba kule lazima logibuku ionyeshe umefundishwa kuingia na kutoka kwenye spini (ndege kuanguka ikizunguka baada ya stoli). Maandalizi ya zamani mliyorithi kwa waliotangulia myaangalie upya.

Mkishatua, mtahini bado ni mwanafunzi. Watu hujisahau hapa, wanavua kofia na kuuliza, "Vipi Kapteni, nimepita?" Fungeni ndege, mpe maji, kaeni. Muulize yeye kwanza aliona nini kwenye ile stoli ya pili, na umsikilize mpaka amalize. Chagua makosa mawili, yasizidi, yale yaliyozaa mengine. Mweleze kila moja lilianzia wapi na somo lijalo mtalirekebisha vipi, jaza logibuku yake, kisha mwambie ni kurasa zipi akasome kabla hajarudi.