Paka Hafundishwi kwa Njaa

"Dokta, huyu anadeka tu. Leo siku ya tano. Nimemwacha, akisikia njaa atakula mwenyewe."

Mama aliyeniambia hivyo alikuwa amemleta dume lake la rangi ya machungwa ndani ya kapu la sokoni, amemfunika kanga. Paka mwenyewe mnene, kilo sita na ushei kwenye mizani, amehasiwa, hajawahi kuugua. Kisa chake kilikuwa kifupi. Kijana wa mama alirudi nyumbani na mfuko wa chakula kikavu cha paka, kile cha punje punje kinachouzwa supamaketi, na siku hiyo hiyo dagaa aliowazoea paka wakasitishwa. Paka akanusa, akageuka, akaenda kulala juu ya kabati. Nyumba nzima ikakubaliana kwamba anajidai na kwamba dawa yake ni njaa. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa za manjano. Nikaangalia ndani ya masikio, manjano vilevile.

Tunasema mwenye njaa hana miiko. Kwa mbwa, kwa mbuzi, hata kwetu sisi, msemo huo una ukweli wake. Paka ana miiko hata tumbo likiwa tupu, na mwili wake ndio unaolipa gharama. Anapoacha kula, huanza kuyeyusha mafuta aliyojiwekea na kuyasukuma kwenye ini ili yageuzwe nishati. Ini la mbwa hulimudu zigo hilo, la paka hulemewa. Mafuta hujaa ndani yake, nyongo haipiti inavyopaswa, na hapo ndipo unapoiona ile rangi ya manjano. Kibaya zaidi, paka aliyefika hapo huwa na kichefuchefu, kwa hiyo hata umwekee jodari mbichi mbele ya pua hamtaki. Alianza kwa kususa, sasa anaumwa kweli. Na wanene ndio walio hatarini zaidi, kinyume na wanavyodhani wengi: "Huyu ana akiba, atavumilia." Akiba hiyo hiyo ndiyo inayomuua.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Paka mzima akikaa saa 24 bila kugusa chakula kabisa, anza kutafuta sababu. Zikifika siku mbili, usingoje ya tatu, mlete. Kitoto cha paka usikipe muda huo, nusu siku tu inatosha kukulazimu kuchukua hatua. Na paka anayelamba lamba mchuzi kisha akaacha, siku baada ya siku, msimhesabu kuwa anakula.

Baada ya kusema hayo, ni kweli kwamba wapo paka wanaodeka. Lakini deko lao lina mantiki, na ukiijua unaweza kulimaliza bila vita.

Paka hula kwa pua kabla ya mdomo. Ulimi wake una vinundu vichache vya ladha, mia kadhaa tu dhidi ya maelfu ya binadamu, na mwaka 2005 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba jeni mojawapo ya kuonja utamu limeharibika kwa paka wote. Sukari haimwambii kitu. Anayelamba aiskrimu ya mtoto anafuata mafuta yake. Harufu ndiyo inayomwambia hiki ni chakula, na chakula kilichotoka friji hakina harufu. Porini angekula panya aliyemuua dakika hiyo, mwenye joto la mwili. Ukimpa samaki wa jana akiwa baridi kama barafu, usishangae akikuangalia kama umemtukana. Mwagia kijiko cha maji ya moto, koroga, pima kwa kifundo cha mkono kama unavyopima maziwa ya mtoto. Kati ya ushauri wote ninaotoa kliniki, huu ndio wa bei rahisi na ndio unaofanya kazi mara nyingi kuliko mwingine.

Jambo jingine ni wingi wa milo. Paka wa uzito wa kilo nne anahitaji kama kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Panya mdogo wa nyumbani ana takriban 30. Piga hesabu: ni panya saba au wanane, mmoja mmoja, usiku na mchana. Ndiyo maana anakula vijiko viwili, anaondoka, anarudi baada ya saa mbili. Wewe unaona kisahani kimebaki nusu unasema amesusa, kumbe yuko katikati ya ratiba yake. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku kama nafasi ipo. Chakula chenye majimaji usikiache chini tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa joto la Dar es Salaam la Februari, samaki wa saa mbili asubuhi akifika saa sita amekwisha kuchacha, na paka anayemkataa ana akili kuliko sisi. Kama tatizo ni sisimizi, weka kisahani chake ndani ya sahani pana yenye maji kidogo.

Halafu kuna malezi. Kitoto cha paka hujifunza chakula ni nini kutoka kwa mama yake, katika wiki zile za kuachishwa ziwa na miezi michache inayofuata. Aliyekulia kwenye dagaa wa Mwanza peke yao, dunia yake ya chakula ni dagaa wa Mwanza. Punje za supamaketi kwake ni kama changarawe. Kwa hiyo mwenye kitoto kipya amwonjeshe vitu mbalimbali mapema: kuku, samaki, nyama ya ng'ombe, cha kopo, kikavu. Atakuja kushukuru siku dagaa wakipanda bei.

Nasikia mara nyingi, "Paka wetu wa zamani alikula ugali na mchuzi akaishi miaka kumi na mitano." Sina sababu ya kubisha. Ila yule paka wa zamani alikuwa na ghala. Usiku alikamata panya, mijusi, panzi na vifaranga vya ndege, na ugali wenu ulikuwa nyongeza tu. Paka wa leo anayefungiwa ndani ya nyumba ya ghorofa hana ghala hilo. Anachopata ni kile ulichomwekea. Na mwili wake umeumbwa kwa nyama. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho hawezi kujitengenezea cha kumtosha, na mimea haina. Miaka ya 1970 ilishajulikana kwamba ukosefu wake huharibu macho ya paka mpaka akapofuka. Mwaka 1987 watafiti wa chuo kikuu cha California kilichoko Davis wakaonyesha kwamba unatanua moyo na kuudhoofisha. Paka waliochunguzwa walikuwa wakilishwa vyakula vya kiwandani, na baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini. Ndiyo sababu pia chakula cha mbwa hakimfai paka, hata kama mfuko unafanana.

Kwa jikoni kwetu, taurini iko kwenye mioyo ya kuku, kwenye nyama nyeusi ya paja, kwenye samaki na dagaa. Huyeyuka katika maji, basi ukichemsha usimwage ile supu, changanya humo humo. Ugali au wali ukiwepo uwe kidogo, mimi husema usizidi robo ya kisahani. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao midogo wana faida ya madini ya chokaa ambayo mnofu mtupu hauna. Waloweke kwanza, waoshe mchanga na chumvi, wachemshe. Kuchemsha si mapambo: samaki wengi wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anayeishi kwa samaki wabichi tu anaweza kufika mahali shingo inaning'inia na anapepesuka. Maini anayapenda kupita kiasi, mpe kipande mara moja moja kwa wiki. Yakiwa chakula cha kila siku, vitamini A iliyomo humrundikia na mifupa ya shingo huanza kushikana. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupe, huvunjika kwa ncha kali.

Sasa mchuzi. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi, vya kukaanga au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Makombo ya pilau na rosti tunayoyamwaga kwenye kisahani chake yana vitunguu tele. Mtengee nyama yake kabla hujakaanga, ni dakika moja tu. Maziwa nayo hayastahili sifa tunazoyapa. Paka wengi wakishaachishwa ziwa hawawezi tena kusaga sukari ya maziwa, na matokeo yake unayaona kwenye karai la mchanga.

Kubadili chakula kunataka siku kumi, wakati mwingine mwezi. Saga punje chache ziwe unga, nyunyizia juu ya dagaa aliowazoea. Baada ya siku mbili tatu ongeza. Akianza kuacha, rudi nyuma hatua moja. Ule mtindo wa kuondoa cha zamani leo na kuleta kipya leo ndio uliomponza dume la kwenye kapu. Akihamia kwenye kikavu, maji yawe mengi na mahali pengi, maana punje zina asilimia kama kumi tu ya maji. Mababu wa paka wetu ni paka pori wa nchi kame, ambao ndugu zao bado wanawinda Serengeti, na walizoea kupata maji mengi kutoka kwenye mawindo, kwa hiyo kiu yake ni ndogo. Bakuli la maji likae mbali kidogo na chakula. Na vyote viwili visikae karibu na karai lake la mchanga. Nani hula chooni?

Kabla hujasema paka wako hali, zungumza na watu. Nimepata kesi zaidi ya moja ya paka "asiyekula wiki nzima" aliyekuwa akiongezeka uzito. Mtoto anampa chini ya meza, dada wa kazi anampa vichwa vya samaki jikoni, na jirani ukutani pale anamwita kwa jina jingine kabisa na kumwekea sahani yake. Nyumba ikubaliane nani anayelisha na saa ngapi. Mizani husaidia kuliko macho: jipime umembeba, jipime peke yako, toa.

Deko na ugonjwa vinatofautishwa zaidi na jinsi anavyokataa. Anayedeka huja, hunusa, hugeuka, lakini ukimfungulia kopo la samaki mbio anarudi. Mgonjwa hajali hata hilo. Anayeumwa meno ana mtindo wake: anakimbilia chakula, anatia kinywani, anakidondosha, anainamisha kichwa upande mmoja, mate yanamtoka, mdomo unanuka. Ukifunua mdomo unakuta ukoga wa kahawia na fizi nyekundu. Mwenye mafua, pua imeziba, hasikii harufu na hivyo hali. Mfute pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kisha mpashie chakula moto, na bado apelekwe kwa daktari. Dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga, anajikamua, analia na mkojo hautoki, huyo hana suala la chakula tena. Njia imeziba, ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na paka aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni kutafuta mwiba. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo.

Dawa za nyumbani ndizo zinazonipa hofu kuliko zote. Panadol ni sumu kwa paka. Ini lake halina njia ya kuisafisha, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Usimpe hata kipande. Kumkamua mdomo na kumsukumia uji nako ni hatari, unaweza kuingia kwenye mapafu. Tena hujifunza haraka sana kwamba kisahani maana yake ni mateso. Dawa ya minyoo ni jambo jingine, hiyo anaihitaji, kila miezi mitatu hivi kwa paka anayetoka nje, lakini kipimo kifuate uzito wake na dawa iwe ya paka.

Dume la machungwa tuliliwekea mpira wa kulishia. Mama yake, ambaye siku ya kwanza alilia kwa aibu mpaka nikamwomba akae chini, alijifunza kusaga kuku kwa supu yake laini kabisa na kumlisha kwa bomba kupitia mpira huo mara tano kwa siku, saa kumi na moja alfajiri ikiwa mojawapo. Manjano yalianza kupungua wiki ya pili. Wiki ya nne alikula dagaa mwenyewe, wa kuchemsha, wa moto. Nilipomuuliza kuhusu ule mfuko wa supamaketi, mama akasema haupo tena. Paka wa jirani aliumaliza.