Je, wajua kwa nini klabu ya England hucheza soka ya Uskoti?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Berwick Rangers ni klabu ya Uskoti, kwa kuwa jina lake nililiona kila mara katika matokeo ya madaraja ya chini ya ligi ya huko. Nilikosea. Mji wa Berwick-upon-Tweed uko England, katika jimbo la Northumberland, kilomita chache tu kusini mwa mpaka. Kiswahili chetu nacho hulifunika jambo hili, maana neno Uingereza hutajwa kwa England peke yake na pia kwa ufalme mzima ambao Uskoti imo ndani yake, ilhali katika soka kila nchi ina shirikisho lake na ligi zake.

Nilipolijua hilo nikaangukia kosa la pili, lililowanasa wengi. Ni kweli kwamba wafalme wa nchi hizo mbili walinyang'anyana mji huo zaidi ya mara kumi, hadi England ilipoutwaa moja kwa moja mwaka 1482, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba klabu hiyo ni masalia ya enzi ya Uskoti. Lakini klabu ilizaliwa miaka ya 1880 (mwaka unaotajwa zaidi ni 1884, ingawa 1881 nao umetajwa sana), karne nne baadaye. Mto Tweed nao hauelezi kitu: sehemu yake moja ndiyo mpaka wenyewe, ila kabla ya kufika baharini mpaka huuacha mto na kupinda kuelekea kaskazini, na uwanja wa Shielfield Park uko ng'ambo ya kusini, mbali zaidi na Uskoti kuliko katikati ya mji.

Jibu ni ujirani. Familia inayoishi mpakani, ikiwa shule ya nchi yake iko mwendo wa nusu siku na ya nchi jirani iko nyuma ya kilima, humpeleka mtoto nyuma ya kilima. Na akishazoeana na wenzake, hahamishwi hata barabara mpya ikijengwa. Newcastle iko takriban kilomita 100 kutoka Berwick, lakini miji midogo ya Uskoti kama Eyemouth, Duns na Coldstream iko jirani kabisa. Ligi hufuata uanachama, haifuati ramani, na mwaka 1951 Berwick iliingia katika Ligi ya Uskoti. Klabu ya Gretna, ya mji ulioko Uskoti, ilifanya kinyume chake: ilicheza ligi za England hadi mwaka 2002.

Tarehe 28 Januari 1967, Shielfield Park, bao la Sammy Reid liliwatoa Rangers wa Glasgow, vigogo wa soka ya Uskoti, katika Kombe la Uskoti kwa 1-0, langoni akiwa Jock Wallace, kipa aliyekuwa pia kocha wa Berwick na ambaye baadaye aliwafundisha Rangers hao hao. Ni ushindi ninaousoma tena na tena bila kuuchoka. Mwaka 2019 Cove Rangers, klabu nyingine ya Uskoti, waliishinda Berwick katika mechi za mchujo, ikashushwa daraja. Na hata hapo haikugeukia England, bali ilishukia Lowland League, ligi ya Uskoti vilevile.