Kubadilishwa bega na kurudi nyumbani siku hiyohiyo

Upasuaji wa kubadilisha bega bila kulazwa ni ule ambao mgonjwa huingia chumba cha upasuaji asubuhi, akawekewa bega bandia, na usiku akalala kwake. Hospitali nyingine huhesabu humo hata aliyebaki usiku mmoja chini ya uangalizi, mradi saa 24 hazijatimia. Tofauti hiyo si ndogo, maana wasiwasi wa madaktari wengi uko kwenye usiku huo wa kwanza.

Upasuaji wenyewe ni uleule. Kichwa cha mfupa wa mkono kilicholika hukatwa kikawekwa cha chuma, na upande wa bega hupachikwa kikombe cha plastiki ngumu. Ikiwa kano zimekatika, viungo hugeuzwa: mpira hukaa upande wa bega na kikombe upande wa mkono, njia ambayo muundo wake wa kisasa uliasisiwa na daktari Mfaransa Paul Grammont miaka ya 1980. Wanaounga mkono kutolaza hutaja jambo moja lenye uzito: mgonjwa wa bega, tofauti na wa nyonga au goti, hutoka kwa miguu yake mwenyewe.

Wenye tahadhari huanzia kwenye ganzi. Daktari wa usingizi huchoma sindano shingoni, karibu na neva zinazoshuka mkononi, na mkono hufa ganzi kwa saa 12 hadi 24 hivi. Mgonjwa huondoka hana maumivu kabisa. Kisha usiku wa manane ganzi huisha na maumivu huja yote kwa mpigo. Ndiyo maana madaktari wazoefu humwagiza aanze vidonge kabla ganzi haijaisha, au humwachia mrija mwembamba unaodondosha dawa ya ganzi taratibu kwa siku mbili tatu. Tena, ganzi hiyo mara nyingi hupooza kwa muda nusu ya kiwambo, ule msuli mkuu wa kupumulia. Mwenye mapafu mazima huenda asitambue lolote. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kuishiwa pumzi akiwa kitandani kwake.

Kwa hiyo ubishi mkubwa ni nani achaguliwe. Ugonjwa wa moyo ndio unaowatia madaktari hofu zaidi, kisha mapafu, kukatika pumzi usingizini na kisukari kisichodhibitiwa. Mimi ningeongeza anayeishi peke yake, hata akiwa mzima kiasi gani: mkono umefungwa kwa kitambaa kilichoning'inizwa shingoni, kujiinua kitandani ni kazi, na dawa kali za maumivu zinalewesha.

Tafiti nyingi zimeona kwamba wanaorudi nyumbani hawapati madhara zaidi ya waliolazwa. Lakini hao walichujwa kwanza, wengi wakiwa na afya nzuri, hivyo matokeo yao hayamhusu kila mtu. Nchini Marekani, bima ya umma ya Medicare iliuondoa upasuaji huu mwaka 2021 kwenye orodha ya upasuaji ambao lazima mgonjwa alazwe. Hapo baadhi ya madaktari wanahofia kwamba ruhusa itageuka shinikizo la kubana gharama, na hofu hiyo naiona ya haki. Daktari asiyeridhika na upumuaji wa mgonjwa jioni ile anapaswa kuwa na kitanda cha kumlaza, bila kuomba ruhusa ya mhasibu.