Wiki ya kwanza mwinukoni: damu haijaongezeka, maji ndiyo yamepungua

Mtu akikaa siku nne kwenye mwinuko wa mita 2,000 na ushei kisha akapimwa damu, mara nyingi hemoglobini, yaani protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, huwa imepanda. Wanariadha huniletea majibu hayo wakiwa na furaha tele, na baadhi ya makocha huanza siku hiyohiyo kuongeza mazoezi. Mimi huwasihi wasubiri, kwa sababu seli nyekundu bado ni zilezile.

Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, uwe ufukweni au mlimani. Kinachopungua kadiri unavyopanda ni mgandamizo wa hewa: usawa wa bahari ni milimita 760 za zebaki, na kwenye mita 2,500 zinabaki kama 560. Kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo. Shingoni, pale mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani inapogawanyika, kuna vihisi vidogo sana ambavyo hung'amua upungufu huo na kuyahimiza mapafu. Unapumua zaidi bila kukusudia.

Kupumua huko kunatoa kaboni dioksidi nyingi mno, na damu inaelemea kwenye alkali. Figo hurekebisha kwa kumwaga bikaboneti, aina ya alkali iliyomo kwenye damu, kwenye mkojo, pamoja na chumvi na maji. Ndiyo sababu mgeni wa mwinukoni huamka usiku kwenda msalani, na wala si dalili ya ugonjwa. Kwa siku chache hizo sehemu ya majimaji ya damu, yaani plazma, inaweza kupungua kwa asilimia 10 hivi.

Tupige hesabu. Chukua mtu mwenye lita 5 za damu na hemoglobini ya gramu 14 kwa desilita. Jumla yake ni gramu 700. Akipoteza mililita 300 za plazma anabaki na lita 4.7, lakini gramu ni zilezile 700. Maabara itasoma 14.9. Hajatengeneza hata gramu moja.

Mabadiliko hayo yana faida, maana kila lita ya damu sasa inabeba oksijeni zaidi. Ila moyo unapata damu kidogo ya kusukuma kwa kila pigo, hivyo unadunda haraka. Kumwongezea mtu mazoezi wakati huo ni kumwonea.

Damu mpya inaanzia kwenye figo. Namna seli zinavyotambua kwamba oksijeni imepungua ndiyo iliyowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Saa chache tu baada ya kufika, figo huongeza homoni ya erithropoietini, nayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu. Lakini seli moja huchukua karibu wiki nzima kukomaa, na ongezeko la maana huonekana baada ya wiki tatu au nne. Uboho usipokuwa na madini ya chuma ya kutosha, homoni inaita bure. Pima ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, kabla ya safari, na usimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha.

Hata damu ikiongezeka, hewa ya huko inabaki kuwa ileile. Kwenye Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mita 2,240 juu ya bahari, Mkenya Naftali Temu alishinda mita 10,000 kwa dakika 29:27.4, ilhali rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa 27:39.4. Mwaka 1997 watafiti Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walionyesha njia ninayoipendelea mpaka leo: wakimbiaji walale mita 2,500, wakafanye mazoezi mita 1,250, ambako miguu inaweza kukimbia kwa kasi yake halisi.

Ukishuka, plazma hurudi ndani ya siku chache na hemoglobini kwenye karatasi hushuka. Usihangaike. Anayetaka kujua alichovuna apime jumla ya gramu za hemoglobini, kipimo ambacho mtu huvuta kiasi kidogo cha kaboni monoksidi mbele ya wataalamu, na akifanye kabla ya kupanda na tena mara tu baada ya kushuka, kwa sababu wiki chache za kukaa chini zinatosha kuliondoa ongezeko lenyewe.