Kitabu cha matukio kikiwa kitupu, mimi naogopa

Ijumaa iliyopita kwenye kikao mzee mmoja wa PTA (umoja wa wazazi na walimu), mtu mzima, namheshimu sana, akachukua kitabu chetu cha matukio, kile tunachoandikia makosa ya watoto na hatua tuliyochukua, akakipima mkononi kama anapima nyama buchani. Akasema, "Madam Naibu, kitabu kizito hivi, kwani watoto wetu wamekuwa majambazi?" Halafu akataja shule nyingine, ati wao mwaka mzima wana kurasa nne tu, nidhamu safi. Watu wakatikisa vichwa, eh, kweli kweli. Mimi nikanywa maji. Haya maneno nimeyasikia kwa wazazi, kwa walimu wapya, kwa headmasta mmoja niliyefanya naye kazi zamani, hata kwa mtu aliyetumwa kuja kutukagua, na siku hiyo nikajisemea leo nikifika nyumbani naandika, liwalo na liwe.

Mimi ni naibu mwalimu mkuu, upande wa utawala, sekondari ya serikali iliyo kwenye USE, ule mpango wa sekondari kwa wote, huku Busia, Uganda. Tuna watoto zaidi ya elfu moja. Elfu moja, wa miaka 13 mpaka 19, wengine wamefika bila chai, na mpaka wa Kenya uko hapo karibu ambapo kijana akivusha mzigo mmoja anapata hela ya haraka kuliko ile ahadi yetu ya "soma utafaidi". Sasa niambie makosa ya hao wote mwaka mzima yanatosha kurasa nne. Nyumbani kwangu nina watatu na kurasa nne zinajaa kabla sijamaliza kufua.

Kurasa nne maana yake hakuna aliyeandika, basi. Mtu akikuambia zahanati yake mwaka mzima imepokea wagonjwa wanne wa malaria, huku kwetu, na mvua hizi, utamsifu kwa afya ya kijiji au utauliza daftari liko wapi?

Na usiniambie walimu ni wavivu wa kuandika. Mwalimu anayesahihisha insha mia moja na ishirini kwa wiki si mvivu wa kuandika mistari sita. Tatizo liko kwenye safu ya mwisho ya kitabu, ile ya "hatua iliyochukuliwa". Ndo hapo kalamu inakwama. Manake hatua iliyochukuliwa ilikuwa kiboko, na kiboko sheria imekataa. Wizara ya elimu ilishatoa waraka 2006, halafu Bunge likaibadilisha Sheria ya Watoto 2016 na kumpiga mwanafunzi kukawa kosa la jinai, kifungo cha mpaka miaka 3 au faini au vyote viwili. Kila mwalimu anajua. Sasa ukiandika "alichelewa, alichapwa vinne", umejiandikia kesi yako mwenyewe kwa mwandiko wako mwenyewe na sahihi chini. Kwa hiyo haandikwi mtoto, haiandikwi fimbo, kitabu kinabaki cheupe na mgeni akija anaambiwa hapa kwetu ni amani tu. Kuna utafiti ulifanyika shule za msingi wilaya ya Luwero, ulichapishwa 2014, waliwauliza watoto wenyewe badala ya kuuliza daftari, na zaidi ya asilimia 90, wavulana kwa wasichana, wakasema walishawahi kuumizwa mwilini na mfanyakazi wa shule. Najiuliza vitabu vya matukio vya hizo shule vilikuwa na kurasa ngapi.

Kwa hiyo kitabu kitupu mara nyingi hakifichi makosa ya watoto. Kinatuficha sisi.

Namna ya kujaza siwezi kupoteza muda sana, kila mtu alishaambiwa: tarehe, saa, mahali, nani aliona kwa macho yake, nani alihusika, kilichoonekana, kilichosemwa, mtoto mwenyewe anasemaje, umefanya nini hapo hapo, umemwambia nani nyumbani, na siku ya kufuatilia. Kurasa ziwe na namba. Ukikosea piga mstari mmoja uandike upya, usipake ile rangi nyeupe, usichane. Imetosha.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo, kwenye "kilichoonekana", manake hapa nimegombana na watu wazuri. Nafungua kitabu nakuta: "Mwanafunzi huyu ni mjeuri na mkaidi sugu, anajulikana." Anajulikana na nani? Mjeuri alifanya nini? Alikaa? Alisimama? Aliondoka? Alicheka? Hiyo sentensi haina tukio hata moja ndani yake, ina hasira ya mwalimu tu, nzuri kwa kumpigia rafiki simu jioni lakini kwenye kitabu haina kazi. Mimi nataka "saa nne na dakika kumi, darasani S.2 (kidato cha pili), mwalimu alimwambia atoke nje, akabaki amekaa, akaambiwa mara ya pili, akatoka akaubamiza mlango." Hiyo naweza kuifanyia kazi. Naweza kumuuliza mtoto mbona mlango, naye akasema ule mlango hauna bawaba ya chini unajibamiza wenyewe, nikaenda kuangalia na kweli hauna. (Mpaka leo hauna. Fundi anasubiri hela, hela inasubiri muhula.)

Na kilichosemwa ndo kibaya zaidi. Huku kwetu mtoto anaweza kuwa Msamia, jirani yake Mtesot, mwalimu ametoka Masaka, uwanjani wanaongea Kiswahili cha mpakani, halafu kitabu kinaandikwa Kiingereza. Maneno yanapita kwenye vichwa vitatu kabla ya kufika kwenye karatasi na kila kichwa kinaongeza chumvi yake. Nimewahi kupata kijana ameandikwa kwamba "alimtishia mwalimu". Kutishia! Kamati ya nidhamu ikaketi, mzazi kaitwa, watu wamevaa makoti. Nikauliza, jamani, alisema neno gani? Kimya. Mwalimu wa zamu akakuna shingo akasema kijana alisema "tontawaanya". Kwa wasiojua Luganda, hiyo ni "usinisumbue". Ni utovu wa adabu? Ndiyo, kwa mwalimu hausemi hivyo, na kijana aliomba msamaha. Ni kutishia? Hapana bana. Na kwa neno "kutishia" kijana alikuwa aondoke wiki mbili mbele ya mtihani. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja, maneno yaandikwe kama yalivyotoka mdomoni, kwa lugha iliyotumika, hata kama ni matusi ya nguoni, halafu chini yake ndo useme kwa Kiingereza yana maana gani. Kuna walimu wanaona aibu kuandika matusi. Mimi nawaambia aibu ni ya aliyetukana, wewe ni karani tu.

Watu wananiambia Madam unachambua sana, mtoto mkosaji ni mkosaji. Sawa, lakini katiba ya 1995 ibara ya 28 na ya 42, zile za mtu kusikilizwa na kutendewa haki, hazikusema "isipokuwa mkosaji avae yunifomu". Mwalimu mkuu anaweza kumsimamisha mtoto, kumfukuza kabisa ni kazi ya bodi, na bodi wakikaa hawana kingine cha kushika zaidi ya hicho kitabu. Kama ndani kuna "sugu, anajulikana", bodi wanahukumu sifa. Nimekaa kwenye vikao vya hivyo, sivitamani tena.

Kuna kosa lingine kubwa kuliko yote lakini nitalipitisha haraka kwa sababu linanikasirisha mpaka naandika vibaya. Si kila kinachotokea shuleni ni nidhamu. Msichana amepata mimba, mtu anamuandika kwenye kitabu cha matukio kama kosa! Mwongozo wa wizara wa 2020 uko wazi kwamba anapumzika, anajifungua, anarudi kusoma. Na kama ana miaka chini ya 18 kuna mtu mzima huko nje ambaye kwa sheria ya hii nchi amefanya jinai, huyo ndo aandikwe, na aandikwe polisi. Vile vile mtoto anayepigwa nyumbani, au anayeguswa na mwalimu, au anayetumiwa meseji usiku na mtu wa kantini. Hayo yana njia yake, ule mwongozo wa 2014 wa kuripoti na kufuatilia ukatili dhidi ya watoto shuleni, tunaouita RTRR: mwalimu wa kike mwandamizi au wa kiume, afisa ustawi wa jamii wa wilaya, polisi kitengo cha watoto na familia, na namba 116 ambayo ni bure. Faili lake linafungwa kwa kufuli. Haliwekwi kwenye meza ya stafurumu pembeni ya sahani ya mihogo ambapo kila anayepita anafunua. Mtu akinipa ripoti ya namna hiyo ikiwa kwenye kitabu cha matukio, na jina la mtoto limeandikwa lote, nachukia siku nzima.

Ngoja nipoze. Mnataka kujua kitabu kinene kinasaidia nini? Mjomba.

Kila aliyesoma Uganda anajua, ukiambiwa "kamlete mzazi" na mzazi ni mkali, unatafuta mtu stendi ya boda, unampa elfu tano, anavaa shati la kola anakuja kuwa mjomba wako. Tulikuwa na mjomba mmoja hodari sana, analia mpaka machozi, anasema "mwanangu umeniaibisha", anaahidi kwamba mtoto hatarudia. Kwa bahati siku hizo nilikuwa nimeanza kulazimisha kuandika jina na namba ya simu ya kila anayekuja. Jumapili moja nasoma kurasa za mwezi, naona namba ile ile kwa watoto watatu wa koo tatu tofauti, makabila mawili. Nikaipiga. Akapokea akiwa kwenye pikipiki. Nilicheka peke yangu, lakini baadaye nikakaa nikafikiri, maana yake watoto watatu walikuwa na shida na nyumbani hakuna hata mmoja aliyejua, na mmoja kati yao alikuwa anakosa shule siku tatu kwa wiki anavusha sukari. Hilo lisingeonekana kwenye kurasa nne.

Na ukisoma kurasa nyingi unaona vitu ambavyo tukio moja halikuonyeshi. Ugomvi wetu mwingi ulikuwa saa saba na nusu, foleni ya posho (ugali wa mchana), sio darasani kabisa. Tukafungua dirisha la pili la kugawa chakula na ugomvi ukapungua. Hatukuchapa mtu, hatukuhubiri.

Haya, sasa mashaka yangu, manake siwezi kujifanya kila kitu kiko sawa.

La kwanza, sijui hesabu hizi zinapima nini. Wiki ya zamu ya mwalimu fulani matukio ni ishirini, wiki ya mwenzake ni mawili, watoto ni wale wale. Mmoja ana macho, au ana chuki, mwingine ana roho nzuri, au anashinda kwenye simu. Kwa hiyo mkinisikia nasema "matukio yamepungua" mnaweza kuniuliza nani alikuwa zamu.

La pili linaninyima usingizi zaidi. Mtoto alipigana S.1, ana miaka 13, mama yake alikuwa amefariki mwezi huo. S.4 anataka barua ya kwenda A-level na kuna mtu anachomoa kile kitabu cha zamani, "lakini huyu alishawahi kupigana." Nilichoandika mimi ili kumsaidia ndo kinamfuata. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na ukiisoma unaona habari za watoto zinatakiwa uangalifu wa peke yake, lakini hapa shuleni hatujawahi kukaa tukakubaliana kitabu kinawekwa miaka mingapi halafu kinaenda wapi. Vyetu vya zamani viko stoo juu ya magunia ya mahindi. Nimewahi kusimama hapo na kiberiti mfukoni, nikarudi ofisini.

La tatu, kuna matukio mimi mwenyewe sikuyaandika. Kijana aliiba mkate kantini, nikamlipia, nikamwambia aje kwangu saa ya mapumziko. Nilijua nikiandika "wizi" neno litabaki na njaa haitaonekana. Ningeweza kuandika vyote viwili, mkate na njaa, si ndo ninavyowafundisha wenzangu? Sikuandika. Kwa hiyo na mimi nina kurasa zangu nyeupe.

Yule mzee wa PTA nilimjibu baada ya kikao, nje chini ya mwembe, siyo mbele za watu. Nikamwambia, mzee wangu, hebu nenda kwenye ile shule ya kurasa nne uombe kuona wameandika nini siku ya mwisho mtoto alipopigwa. Akasema, "Madam, wewe una maneno," akaondoka. Sijui kama nimempata.

Muhula huu tunajaribu kitu kingine, karatasi ndogo za mistari minne zinazokaa getini na bwenini, kwa sababu kile kitabu kikubwa kinatisha watu, hasa walimu vijana. Jioni nazikusanya nanakili. Wiki ya kwanza zilirudi kumi na moja, nikafurahi. Wiki ya pili zikarudi tano, na nyingine nimeikuta kantini imefungiwa karanga.