Muda haufiki

Wiki hii ni mara ya tatu namsikia mpiga debe pale stendi, hapahapa Mtwara: "Muda wa kuondoka umefika!" Basi lenyewe la Newala halijajaa hata nusu, lakini hilo tuliache. Ninachogombana nacho ni hilo neno "muda" mahali pa "wakati".

Wakati ni pale jambo linapotokea: alfajiri, saa nne, masika. Muda ni urefu wa kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Maana ndiyo hiyo.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu. Wakati ni *waqt*, kitu kilichowekewa mpaka. Ndugu yake ni *miqati*, mahali mahujaji wanapohirimia, yaani wanapotia nia na kuvaa ihramu. Muda ni *mudda*, na mzizi wake ni kuvuta, kurefusha. Aliyesoma chuo cha Kurani Mikindani anaijua *madi*, pale mwalimu anapokuamuru uvute sauti ya herufi kwa vipimo viwili, vinne au sita. Mzizi ni uleule. Hata maji kujaa Mwarabu huita *madd*, bahari imejinyoosha. Muda, basi, huvutwa. Wakati hauvutwi, huingia, na ndiyo maana msikitini utasikia wakati wa swala umeingia, si muda.

Waulize kinamama wanaofuata pweza. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika 12, leo na kesho. Huo ni muda. Lakini kupwa kwa kesho kutachelewa kiasi cha dakika 50 kuliko kwa leo. Huo ni wakati, na ukiukosea utakuta mwamba umeshafunikwa.

Wanafizikia nao hawajamaliza kubishana juu ya asili ya kitu hiki. Newton, mwaka 1687, alishikilia kwamba kinapita sawasawa kwa wote. Mwaka 1905 Einstein akaonyesha kuwa muda kati ya matukio mawili hutegemea mwendo wa anayepima, na kwamba mambo yaliyotokea wakati mmoja kwangu huenda kwako yakapishana. Hizo ni hoja mbili. Mfasiri wa Einstein anayeandika "muda" kila mahali ameshamnyang'anya mzee wa watu hoja moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa stendi, kilichokwisha ni muda wa kusubiri. Kilichofika ni wakati wa kuondoka. Na kama mnangoja abiria kumi na wawili, basi nao haujafika.